Tulivyopotea Kilwa Kisiwani



Ndugu wanafunzi, wahariri wa jarida letu wameniomba niandike habari ya ziara yetu ya Kilwa Kisiwani. Wenzenu waliokwenda wamekwisha kuisimulia kwa namna yao, na mpaka nyumbani kwangu imefika kwamba Ustaadh alipanda juu ya mnazi akawa anaita watu wamwokoe. Hilo si kweli. Mengine karibu yote ni kweli, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu, ni bora niyaeleze mwenyewe.

Tuliondoka Mikindani siku ya Ijumaa baada ya sala, wanafunzi 23 na walimu wawili katika basi la kukodi. Usiku tulipita njia panda ya Nangurukuru tukaingia Kilwa Masoko. Kesho yake, Jumamosi ya tarehe 22 Juni 2024, sawa na mwezi 15 Mfunguo Tatu 1445, ndiyo siku tuliyovuka. Naomba tarehe hiyo ya mwezi muiweke akilini, kwani mimi sikuiweka.

Kabla ya kuvuka nilikusanya simu zote, na yangu ikiwemo, tukaziacha kwa mwenye nyumba ya wageni. Safari iliyotangulia tulikwenda Bagamoyo, na wanafunzi walirudi na picha zao wenyewe mamia kwa mamia, lakini nilipowauliza wameona nini, wengi walinyamaza. Safari hii nikasema hapana. Nikawaambia, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 bila ramani ya simu, na aliona mengi kuliko nyinyi. Walicheka. Sikuwaambia, kwa sababu sikuwa nimelifikiria, kwamba Ibn Battuta alifika akiwa ndani ya jahazi lenye mabaharia wanaoijua kazi yao.

Tena niseme na hili, ingawa linanitia haya. Kwa miaka minane nimewafundisha masharti ya sala, na moja katika hayo ni kuelekea kibla. Stashahada yangu ina somo zima la fiqhi ya ibada. Lakini nikiwa safarini, mahali nisipopajua, mimi hutoa simu mfukoni na kufuata mshale. Tangu niipate simu hiyo sikuwahi tena kuinua macho juu kutafuta kibla.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa umri wa miaka sabini hivi. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akaitazama mbingu iliyokuwa imefunga wingu tangu alfajiri. Akaniambia, "Ustaadh, leo bamvua. Sasa hivi maji yanakupwa, saa kumi yatakuwa yamejaa pomoni. Saa kumi na moja na nusu niwaone nyote hapa chomboni. Sipendi kuvusha watoto usiku."

"Inshaallah, mzee wangu," nikajibu, huku nahesabu vichwa. Neno bamvua lilipita sikioni mwangu kama mlio wa ndege.

Kwa wale wa madarasa ya chini: bamvua ni siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, na huja mara mbili kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja. Katika pwani yetu maji ya bamvua hukupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi jioni. Katikati ya bamvua mbili ni siku za maji mafu, bahari husogea kidogo tu. Mwenye kujua tarehe ya mwezi huijua bahari bila ya kuiangalia.

Tulishuka mbele ya Gereza. Pwani ilikuwa kavu, mchanga na miamba vimeachwa wazi kwa mbali sana, na wanawake wa kisiwani walikuwa wametawanyika huko wakiokota. Niliutazama ufuko ule unaoelekea mashariki nikajisemea kwamba barabara ndiyo hii. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Ama kuhusu kisiwa chenyewe, kalamu yangu haitoshi. Gereza ilijengwa kwanza na Wareno, waliouteka mji chini ya Francisco de Almeida mwezi Julai mwaka 1505, ila sehemu kubwa ya kuta mnazoziona ni kazi ya Waomani wa mwanzoni mwa karne ya 19. Kutoka hapo si mbali na Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya zamani ni ndogo, iko upande wa kaskazini. Kusini yake waliongeza ukumbi mkubwa wa matao na kuba, na ukisimama kati ya nguzo zile huoni msumari wala chuma. Ni mawe ya matumbawe, na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Mji huu ulitajirika kwa dhahabu iliyoletwa kutoka Sofala, na kwa upepo. Jahazi la Arabuni lilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa iko karibu na ukomo wa mwendo ambao chombo kingeweza kwenda na kurudi katika msimu mmoja. Sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta, al-Hasan bin Sulaiman, aliitwa Abul Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu za Kilwa tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile. Zilifikaje huko, wataalamu wanaendelea kubishana. Wanafunzi walilipenda jambo hilo kuliko yote niliyosema siku ile.

Mle msikitini mtembezaji wetu, kijana wa kisiwani, alisimama mbele ya mihrabu katika ukuta wa kaskazini akaeleza ujenzi wake. Wengi walikuwa wameshachoka. Mmoja tu aliweka kiganja juu ya lile jiwe, akageuka akaangalia upande tuliotoka, akageuka tena. Nilimwona, na nikamwambia kwa ukali asiguse.

Kijana huyu simtaji jina. Wote mnamjua na atanikasirikia. Ni mtoto wa mvuvi, wa miaka kumi na mitatu. Kabla ya safari nilikuwa nimekwisha kumwandikia mama yake barua kwamba mtoto ni mtoro, kila mwezi hukosa darasa la asubuhi siku kadhaa, na kwamba baada ya likizo kamati itakaa kuamua kama jina lake libaki katika daftari. Mama hakujibu barua. Alileta nauli ya ziara, kamili, katika noti ndogondogo.

Baada ya kula na kusali Adhuhuri kijijini, mtembezaji alituongoza kwa njia ya ndani mpaka Husuni Kubwa, upande wa mashariki. Hili ni jumba la sultani huyo huyo, lenye vyumba zaidi ya mia moja, juu ya jabali linalotazama bahari. Lina birika la kuogelea lenye pande nane. Hapo ndipo nilipokosea. Saa kumi mtembezaji alisema turudi. Mimi nilitaka kulipima lile birika kwa hatua ili nije kuwafundishia hesabu, nikamwambia atangulie na kundi pamoja na mwalimu mwenzangu, mimi nitabaki na vijana sita, tutawafuata. Akauliza kama njia naijua. Nikamwambia, "Tutapita ufukweni." Akanitazama kidogo. Alikuwa kijana mwenye adabu, na mimi nilikuwa nimevaa kanzu. Hakunibishia.

Tulipomaliza birika tukashuka kwenye ukingo. Ufuko haukuwepo. Maji yalikuwa yanapiga jabali lenyewe, na mbele yake mikoko imesimama ndani ya bahari mpaka shingoni. Nilibaki kuyatazama kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umejengewa ukuta.

Basi tukarudi juu tukatafuta ile njia ya ndani. Njia tuliipata, lakini haikuwa moja. Kuna vijia vya kwenda mashambani, vya mbuzi, vya kukatia kuni, na kila kimoja kinafanana na kingine. Tukapita shamba la mihogo ambalo mmoja alisema tumelipita mchana, mwingine akasema hatujalipita. Tukaingia kichakani. Wingu lilikuwa zito, sawasawa pande zote, huwezi kusema jua liko wapi. Nilitembea mbele kwa hatua za haraka kana kwamba najua ninakokwenda, na baada ya muda tukatokea kwenye shamba lile lile la mihogo.

Mtoto mdogo kuliko wote, wa miaka tisa, akaanza kulia bila sauti. Alikuwa amejikata mguu kwenye jiwe na kilemba changu nilikuwa nimekwisha kumfungia. Nilitia mkono mfukoni kutafuta simu, mara mbili nzima, na mara zote mbili niliukuta mfuko mtupu. Nikawafikiria wazazi sita. Mzazi anapomwachia mwalimu mtoto wake hasemi maneno mengi, husema tu "nakuachia", na neno hilo siku ile lilikuwa zito kuliko mtoto mwenyewe niliyembeba mgongoni.

Tulijaribu tena, tukaangukia kwenye mabaki ya msikiti mdogo. Kuta mbili zimesimama, mti umeota katikati, na katika ukuta mmoja mihrabu imebaki, upinde wake mzima. Nikaona tupumzike. Nilikuwa nafikiria kupiga kelele, na hapo ndipo inapoanza ile hadithi ya mnazi.

Mtoto wa mvuvi akaenda mbele ya mihrabu, akasimama kama anayetaka kusalisha. Kisha akasema, "Ustaadh, asubuhi tulipokuwa tunavuka kibla ilikuwa nyuma yetu."

Sikumwelewa.

"Na kuja Husuni ilikuwa mkono wa kushoto. Basi kurudi tuiweke mkono wa kulia."

Nilinyamaza nikalifikiria. Makka iko kaskazini mwa Kilwa, karibu moja kwa moja, kwani miji hii miwili inakaribiana sana kwenye mstari wa longitudo, yote iko katika 39. Haya nilikuwa nayajua. Ningeulizwa kwenye mtihani ningejibu. Tena katika Kiswahili cha wazee wetu wa pwani, kibla ni jina la kaskazini hasa, kama ambavyo suheli, nyota ile ing'aayo upande wa kusini, ni jina la kusini. Mtoto hakuwa anafanya hesabu wala jiografia. Alikuwa anasema lugha ya nyumbani kwao. Kisiwa kizima kimejaa misikiti, na kila mihrabu iliyobaki imesimama kuonyesha upande ule ule tangu mamia ya miaka, na mimi nilikuwa nimeipita asubuhi nzima nikitaja tarehe.

Lakini kujua upande ni jambo moja, na kuushika ndani ya kichaka ni jambo jingine. Ukitoka kwenye ukuta hatua hamsini tu, umeshazunguka mti, umeruka shimo, na upande umekwisha kukuponyoka. Hapa nami nilipata la kutoa. Nikamwambia mmoja asimame begani mwa ukuta, kibla ikiwa kuliani kwake. Wa pili aende mbele mpaka pale anapokaribia kupotea machoni, asimame. Wa tatu apite mbele ya wa pili. Yule wa nyuma kabisa atazame, akiona wawili wa mbele hawajanyooka apige ukelele, "Kulia!" au "Kushoto!", mpaka wa pili amzibe wa tatu. Kisha wa nyuma akimbie kwenda kuwa wa mbele. Nikawaambia, "Ni safu hii, kama safu ya msikitini, ila imelala kwa urefu." Wakaelewa mara moja. Kunyoosha safu tunawafundisha tangu wana miaka mitano.

Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, polepole mno, pengine hatua arobaini kila zamu. Yule mdogo aliyekuwa mgongoni kwangu aliacha kulia akawa ndiye mpiga ukelele, na alikuwa mkali kuliko mimi. Hatimaye tukasikia adhana ya Magharibi ikitoka kijijini. Haikutoka mbele yetu hasa, bali mbele kidogo kuliani. Tulikuwa tumepotoka kidogo kwenda suheli. Mtoto wa mvuvi akasema ni ukuta wa msikiti haukukaa sawasawa, wenzake wakasema ni yeye alisimama upande. Mimi nasema kwa safu ya watoto kichakani, bila ya jua, haikuwa mbaya.

Tulimkuta mtembezaji njiani anakuja na taa na vijana wawili. Pwani nahodha alikuwa amekaa juu ya ukingo wa chombo, na wanafunzi wengine wote wamekaa mchangani, kimya. Mwalimu mwenzangu hakunisemesha mpaka Nangurukuru, siku iliyofuata.

Nilimwomba radhi nahodha. Akauliza tulirudi vipi, nikamweleza. Alimwita yule mtoto, akamkalisha karibu na usukani. Tulipokwisha kusali tukavuka kwa mashine, polepole. Katikati ya mlango wa bahari wingu likapasuka upande wa mashariki na mwezi mpevu ukatoka, mwekundu, ukatuangazia njia nzima. "Hukuuhesabu mwezi, Ustaadh," nahodha akaniambia. Hakusema kwa dharau. Akaongeza kwamba hata bila ya mihrabu tulikuwa na upepo. Mwezi wa Juni kusi imeshika, na vilele vya minazi vingenionyesha unakotoka.

Nilimsimulia habari za Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar, aliyeandika vitabu vya uongozaji vyombo mwishoni mwa karne ya 15 na aliyeijua pwani hii mpaka Sofala. Vitabu vingi husema ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, lakini watafiti wa sasa wengi wana shaka na jambo hilo. Mabaharia wa zama zake walipima urefu wa nyota ya kaskazini kwa kibao chenye uzi wa mafundo, uzi wameuma menoni, wakajua wako umbali gani. Ila chombo kikivuka kuja huku kusini nyota ile huzama chini ya upeo, haionekani tena, ikawabidi watumie nyota nyingine za upande ule ule. Nahodha alisikiliza yote. Akasema, "Kwa hiyo nao waliwahi kukosa mshale wao." Katika Suratun Nahli Mwenyezi Mungu ametaja alama kwanza, kisha nyota, kuwa ni vitu vinavyowaongoza watu njiani. Nimeisoma aya ile mara nyingi nikasimama kwenye nyota.

Sasa lile la mwisho. Nikamwuliza mtoto, pale kwenye chombo, aliyajuaje haya yote. Akasema, kwa mama. Bamvua ikifika, asubuhi maji yakikupwa, yeye na mama yake huenda mwambani kuchokoa pweza. Siku tatu au nne, mara mbili kila mwezi. Baba yake yuko baharini na mdogo wake ana miaka miwili. Pweza ndiyo ada ya madrasa.

Tuliporudi Mikindani nilifungua daftari la mahudhurio. Sisi tunaandika tarehe za Kiislamu, kama mjuavyo. Nikapitisha kidole kwenye mstari wake kuanzia Muharram. Mwezi mosi, mbili, tatu, hayupo. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, hayupo. Mwezi baada ya mwezi, bila kukosea. Daftari lilikuwa mezani kwangu mwaka mzima, na niliyekuwa nikiweka alama zile ni mimi.

Nilikwenda kwa mama yake siku ile ile. Nilimkuta uani anakausha pweza kwenye kamba. Nikamwamkia, nikaomba ile barua anirudishie. Alinitajia mahali alipoiweka, chini ya mkeka, akasema hakuwa ameisoma kwa sababu alijua itasema nini. Siku za bamvua sasa kijana huyo anasoma baada ya Alasiri, pamoja na wengine wanne ambao, nilipotazama vizuri, nao mistari yao ilikuwa vile vile.